Mhadhara wa madaraja usiishie Maputo

Mwishoni mwa Desemba 2019 mafuriko yaliangusha daraja la mto Montepuez kwenye barabara ya N380, huku kaskazini mwa Msumbiji. Wilaya za Macomia, Mocímboa da Praia na Palma zikakosa njia kuu ya kufika mji wa Pemba. Mwenye safari akatazama baharini.

Wanahisabati wanaochora nukta na mistari wanaujua mstari wa aina hiyo: ukiufuta, mchoro mzima unakatika vipande viwili. Nao huuita daraja. Nadharia yao ya grafu, kwa kweli, ilianzia madarajani, Leonhard Euler alipoonyesha mwaka 1736 kwamba hakuna awezaye kuyapita madaraja 7 ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu.

Basi kwa nini mihadhara ya elimu hii ionekane anasa kwetu, nje ya Maputo? Chuo Kikuu cha Lúrio kina kitivo cha uhandisi hapa Pemba. Ghala la chakula cha waliokimbia vita liwekwe wapi, ili wafikiwe hata barabara moja ikifungwa? Mashua ipitie visiwa gani vya Quirimba kwanza, isimalize mafuta? Hayo ni maswali ya utafiti, tena magumu, tusidanganyane.

Mfano wa hisabati inayoanzia kwa wananchi tunao. Mwanahisabati wa Msumbiji Paulus Gerdes, aliyefariki mwaka 2014, alichunguza kwa miaka mingi hisabati ya michoro ya mchangani ya Wachokwe wa Angola.

Chuo kiwaalike manahodha wa kisiwa cha Ibo na madereva wa N380, na mihadhara ifafanuliwe kwa Kimwani, lugha ya pwani yetu, pia, si Kireno pekee.