Tukiokoka Wote, Moto Utazima Kondele? Cheki Vile Ilienda Ng'ambo ya Ziwa

Kuna hii maneno hurudi kila uchaguzi ukikaribia. Ukikaa base yoyote pale Kondele, ama ukingoje samaki Dunga ukiskiza wazee wakipiga stori, lazima mtu ataitoa: "Hii Kenya shida yetu ni roho. Siku watu wote wataokoka, vita imeisha." Mwingine anajibu kutoka kwa kona, "Wapi, heri wote tuslimu, msikitini hakuna mambo ya kabila." Halafu kuna yule msee wa tatu, mwenye ana simu kubwa, anasema dini zote zifutwe tukae hivyo tu.

Mimi niliacha chuo kabla sijavaa ile joho, kwa hivyo usiogope, hakuna nadharia ninakuletea hapa. Lakini hii swali si ya kuchekwa. 2027 iko karibu, na kama kubadilisha dini inaweza kutuokolea hata mtoto mmoja Nyalenda ama Obunga, basi tungeanza leo. Shida ni moja: hii kitu ilishajaribiwa. Na haikujaribiwa mbali. Ilijaribiwa hapa hapa kwa hili ziwa letu, ng'ambo ile, Buganda.

Skiza hii stori vizuri juu shuleni waliipitisha haraka.

Miaka ya 1860 na 1870, Kabaka Mutesa wa Kwanza alikuwa amepokea Uislamu kutoka kwa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani. Alifunga Ramadhani, akaamrisha watu wake wafunge. Lakini 1876 akageuka, akaua vijana Waislamu wa ikulu wenye walikuwa wamechukua dini serious kumshinda yeye mwenyewe. 1877 wakaja Waprotestanti wa CMS kutoka Uingereza. 1879 wakaja mapadri wa White Fathers kutoka Ufaransa. Sasa piga picha: ikulu moja, Kabaka mmoja, dini tatu mpya, na vijana wa ikulu wanachagua tu. Hakuna mtu kati yao alizaliwa Mkatoliki. Hakuna alizaliwa Mprotestanti. Baba zao wote walikuwa wa dini ya kienyeji. Kizazi kimoja, wote wamebadilisha dini kwa hiari yao.

Kwa ile hesabu ya base, hiyo ingekuwa mbinguni, si ndiyo?

Mutesa akafa 1884, mtoto wake Mwanga akaingia. Kati ya 1885 na 1887 Mwanga akaua Wakristo, Wakatoliki na Waanglikana. Siku mbaya zaidi ni tarehe 3 Juni 1886 pale Namugongo. Ndiyo maana mathe yako husafirianga Uganda kila Juni na basi la kanisa. 1888 Waislamu na Wakristo wakaungana, wakamfukuza Mwanga. Fiti. Umoja huo ulidumu wiki chache tu. Waislamu wakawageukia Wakristo, wakawafurusha, wakaweka Kabaka wao, Kalema. Wakristo wakajipanga upya, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, wakapigana wakamrudisha Mwanga. Kufika 1890 Waislamu wako nje.

Basi wamebaki Wakristo watupu. Wanasoma Biblia, wanaomba Mungu mmoja, wamepigana bega kwa bega. Unadhani nini ilifuata?

Wakagawana vyeo. Nusu ya machifu Wakatoliki, nusu Waprotestanti, na kila cheo kina shamba lake na watu wake. Watu wakaacha hata kuwaita kwa majina ya dini. Mkatoliki akaitwa "Mfaransa", Mprotestanti akaitwa "Mwingereza". Mganda mweusi kabisa, hajawahi ona Ufaransa hata kwa picha, ni Mfaransa. Na hapa ndipo kuna kitu nataka ushike: waliweka makubaliano kwamba chifu akibadilisha dini, anapoteza cheo na shamba. Dini imekuwa kama kadi ya chama. Juu Mwanga wakati huo alikuwa upande wa Wakatoliki, wasee wakaanza kuhamia huko kwa bosi, na Waprotestanti wakaona wakikaa vibaya wataisha. Ugomvi wa 1891 karibu wote ulikuwa hiyo: huyu amebadilisha dini, shamba linabaki la nani?

Tarehe 24 Januari 1892 ikalipuka Mengo. Wakristo kwa Wakristo. Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza akaingilia na bunduki yake ya Maxim upande wa Waprotestanti. Kanisa la Wakatoliki la Rubaga likachomwa. Mwanga akahepa na mtumbwi kuingia ziwani. Baada ya hapo Wakatoliki wakapewa Buddu, Waislamu wakapewa kona yao, na Waprotestanti wakabaki na mnofu.

Na Mwanga? Miezi miwili baadaye alirudi Mengo, akabadilisha dini, akawa Mprotestanti. Huyo ni mtu mmoja ameshaua Wakristo, ameongoza Wakatoliki, sasa ni wa Waingereza. Ilisaidia? 1897 alikuwa msituni akipigana na hao hao Waingereza, na 1899 wakamtupa Shelisheli, akafia huko 1903.

Ile mistari ya 1892 haikufutika. Miaka 70 baadaye Uganda ikipata uhuru, chama cha DP kilikuwa cha Wakatoliki na UPC cha Waprotestanti, hadi watu wakasema DP maana yake ni "Dini ya Papa". Hiyo ni mchezo wa maneno lakini haikuwa mchezo.

Sasa utaniambia, buda, hiyo ni Uganda. Poa. Lakini kumbuka Kisumu yenyewe ilikuwa Uganda hadi 1902, wakati Waingereza walisongesha mpaka. Reli ilifika hapa 1901 pakiwa bado Uganda. Na wale mapadri wa Mill Hill walioleta Ukatoliki huku walitoka huko huko. Mill Hill waliletwa Buganda 1895 kwa sababu ni Wakatoliki na pia ni Waingereza, ili watu waache kudhani kila Mkatoliki ni Mfaransa. 1903 wakafika Kisumu. CMS wakachukua Maseno 1906, Wasabato wakachukua Gendia mwaka huo huo. Misheni ni zile zile, ziwa ni lile lile. Hata ushindani ulikuwa ule ule, na hadi leo ukiuliza mtu wa Homa Bay kwa nini Jumamosi soko zingine zimelala, jibu ni Gendia.

Lakini sisi hatukupigana vita ya dini. Kwa nini?

Si ati Wajaluo ni malaika, tafadhali. Wala si ati walikwama kwa dini moja. Huku watu walibadilisha dini kama gia ya mat. Cheki Johana Owalo. Alipitia Ukatoliki, akapitia Uislamu, akapitia Waanglikana, halafu akaanzisha Nomiya, kanisa la kwanza la Waafrika wenyewe hii Kenya, kabla Vita Kuu ya Kwanza haijaisha. Nomiya kwa Dholuo ni kama kusema "alinipa". Ni Wakristo lakini wanatahiri. 1963 Legio Maria ikatoka kwa Wakatoliki na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, na baadaye yenyewe ikagawanyika juu ya nani ni kiongozi. Cheki Hussein Onyango Obama wa Kogelo, babu ya yule unamjua. Alikuwa Mkristo kwanza, akaslimu. Nyanya Sarah alizikwa Kiislamu 2021 hapo Kogelo, na mjukuu mwingine alikuwa anaabudu kanisani Chicago. Boma moja. Hakuna mtu alichoma nyumba ya mwenzake.

Tofauti ni hii, na ndiyo maoni yangu: huku hakuna mtu alipoteza shamba kwa kubadilisha dini. Mkoloni hakusema nusu ya machifu wawe wa Maseno na nusu wa Ojola. Dini ilikupa shule, ilikupa jina la Kizungu, ilikupa kwaya. Haikukupa ardhi ya jirani. Kitu isiyogawanya mkate haiwezi kuleta vita ya mkate.

Huku mkate uligawanywa na nini? Kabila na chama. Na hapo ndipo damu yetu iko.

Anza 1969. Tom Mboya, Mkatoliki, anapigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai. Kwa misa yake pale Holy Family, gari la Kenyatta lilipigwa mawe. Oktoba tarehe 25, Kenyatta anakuja Kisumu kufungua ile hospitali tunaita Russia, anarushiana maneno na Jaramogi mbele ya watu, umati unachemka, walinzi wanafyatua risasi. Serikali ilisema watu 11 walikufa. Hapa nyumbani hakuna mzee anakubali hiyo namba. Sasa niambie, hapo dini ilikuwa wapi? Kenyatta alibatizwa na wamishonari Waskoti. Jaramogi alisoma Maseno ya CMS na akabatizwa Obadiah Adonijah, majina yenye aliyatupa baadaye. Wote Waprotestanti. Wangeimba wimbo mmoja wa tenzi bila kitabu.

Njoo 2007. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima. Kisumu maduka yakachomwa, majirani zetu Wakikuyu wakafukuzwa, wakalala kituo cha polisi kwa nguo walizovaa, na hiyo tusijifanye haikutendeka. Upande wa Eldoret, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa likachomwa na watu wako ndani, wengi wanawake na watoto. Walikimbilia kanisa kwa sababu waliamini mwenye anawafukuza ni Mkristo pia. Na ni kweli alikuwa Mkristo.

Hapa kwetu Waki alipata kitu kingine: wengi waliokufa Kisumu walikufa kwa risasi za polisi. 2017 tena, mtoto wa miezi sita akapigwa kichwa na polisi wakivamia nyumba Nyalenda usiku, na 2019 korti ya Kisumu ikasema polisi wana lawama. Machi 2023 mwanafunzi wa Maseno akapigwa risasi kwa maandamano ya gharama ya maisha. Karao aliyefyatua, kuna uwezekano mkubwa Jumapili yuko kanisani. Sensa ya 2019 inasema karibu asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo. Kama kuokoka kungetosha, si tungeshafika? Hata Raila, 2009 ilikuwa habari kubwa alipobatizwa upya na Nabii Owuor. 2017 bado Kondele iliwaka.

Najua kuna mwenye ataniletea Rwanda. Na ni hoja nzuri, nisiiruke. 1994 Wakatoliki waliua Wakatoliki ndani ya makanisa, Nyamata, Ntarama, Nyange. Wakati huo Waislamu wengi, hasa Kigali upande wa Nyamirambo, walificha majirani. Baada ya vita, Wanyarwanda wengi wakaslimu. Wengine walisema wazi: niliokolewa msikitini, siwezi rudi kule ndugu zangu walichinjiwa. Hiyo naielewa kabisa, na sitamcheka mtu. Lakini angalia kwa nini. Waislamu Rwanda walikuwa wachache, wamesukumwa pembeni, hawakuwa na kiti kwa meza ya wakubwa kama maaskofu. Hawakuwa na kitu ya kulinda. Na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la chuki la Kangura aliyehukumiwa Arusha, alikuwa Mwislamu. Ukiingia meza ya wakubwa, hiyo meza inakuingia pia.

Kwa hivyo ni nini imewahi kupunguza moto Kisumu? Tarehe 9 Machi 2018, Uhuru na Raila wakasalimiana pale Harambee House, na barabara zikatulia. Hakuna mtu alibatizwa siku hiyo. Mimi siipendi sana hiyo dawa, maana ilishibisha wakubwa kwanza na mama mboga wa Kibuye akabaki na bei ile ile. Ugatuzi naupenda zaidi. Tangu 2013 kuna pesa na kazi zinaamuliwa hapa Kisumu bila kuulizia nani yuko Ikulu, na 2022 korti ya juu ilipotoa uamuzi Septemba, mji haukuungua vile watu walikuwa wameogopa. Pengine ni uchovu pia. Lakini mtu akiwa na kitu ya kupoteza mtaani kwake, anafikiria mara mbili kabla ya kubeba jiwe.

Kitu kimoja cha kuchekesha kabla niende. Ile sheria ya Buganda ya 1890, ukibadilisha dini unapoteza cheo, tunayo hadi leo. Iko kwa Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 103: mbunge akihama chama kilichompeleka bungeni, anapoteza kiti. Wafaransa na Waingereza wetu ni hao. Ndiyo maana pasta akija Mamboleo na mahema kutuombea tubadilike kabla ya 2027, mimi nitaenda, nitaimba, hata sadaka nitatoa. Halafu nikitoka nitauliza OCS mgeni ameletwa kutoka wapi, amebeba risasi za aina gani, na nani atahesabu zilizorudi.