Akiba ya mama na albamu ya kijana

Mama mmoja wa Jibondo, kule Mafia, ameniletea jambo linalowagombanisha yeye na mumewe. Kijana wao na wenzake watatu wana bendi. Wanataka kurekodi albamu wenyewe, na wamemwomba mama awaongezee kwa akiba yake ya mwani. Baba hataki kusikia. Anasema si taarabu wala Bongo Fleva: vijana wanajipaka rangi usoni na kuimba huzuni tupu. Kwake huo ni uhuni.

Baba ajue kwanza kwamba muziki huo una wenyewe. Ni kabareti, muziki wa jukwaani wenye maigizo ndani yake, uliochanganywa na roki. Bendi yake maarufu ni The Dresden Dolls ya Boston, Marekani: Amanda Palmer kwenye piano na Brian Viglione kwenye ngoma, nyuso zimepakwa nyeupe. Mwaka 2003 walitoa albamu yao wenyewe. Mwaka uliofuata kampuni ya Roadrunner ikaichukua na kuisambaza. Baadaye Palmer alizozana na kampuni hiyo hadi akaachiwa mwaka 2010. Mwaka 2012 aliwaomba mashabiki mchango kwa intaneti, na karibu watu 25,000 wakachanga zaidi ya dola milioni moja. Lakini kufikia hapo alikuwa na miaka mingi jukwaani. Kijana asidhani mchango huja kwanza.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, ilibidi kampuni iwepo. Leo studio ndogo ya chumbani inatosha. Gharama imeshuka, ila swali la nani mwenye mali limebaki palepale.

Watu wa Jibondo mnalijua swali hilo kuliko mimi. Chombo hakitoki kuvua kabla haijajulikana fungu la chombo, la nyavu na la mabaharia. Basi na hao vijana wanne waandike mapema: nani ametunga, nani ametoa fedha, rekodi itabaki mikononi mwa nani, na mmoja akijitoa itakuwaje. Kisha wakasajili nyimbo COSOTA, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi.

Kwako mama: akiba ni jasho lako, lakini usiitoe kwa siri. Toa kiasi ambacho hata kikipotea, ada za wadogo zake hazitaguswa. Waanze na nyimbo mbili au tatu, si albamu nzima.

Kwako baba: kabla ya kukataa, kaa na mwanao umsikilize akiimba, mwanzo hadi mwisho. Huenda huzuni hiyo ni jambo ambalo hajapata namna nyingine ya kukwambia. Fedha mtaijadili baadaye.