Picha Moja, Macho Mengi



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya mchezo. Sheria zake ni chache. Mpenzi mmoja wa filamu za kale huleta picha mnato moja ya filamu, huiweka mbele ya wenzake bila kutaja jina, mwaka wala mwigizaji, nao hukisia ni filamu gani. Anayepatia huleta picha inayofuata. Wapo wanaouona kuwa njia ya kupoteza muda, na siku hizi wapo wanaosema umekwisha kufa, kwa kuwa simu ya mkononi ikionyeshwa picha hutaja jina la filamu kabla mzee hajavaa miwani yake. Sisi tunashikilia kwamba mchezo huu una kazi, na kwamba simu ikae mfukoni.

Tuanze na hesabu. Filamu yenye sauti hupita mbele ya macho kwa kasi ya picha 24 kila sekunde. Filamu ya dakika 90, basi, ni picha 129,600. Anayekuonyesha moja amekunyima zote zilizobaki, pamoja na muziki, maneno na mwendo. Huna budi kukitazama kwa makini kile kidogo ulichoachiwa: kofia, taa ya barabarani, mshono wa koti, upande unakotokea mwanga. Tena mara nyingi picha yenyewe haikutoka katika utepe wa filamu hata kidogo. Ilipigwa na mpiga picha aliyesimama kando ya kamera, kwa ajili ya mabango na magazeti, na huenda ikaonyesha jambo ambalo ndani ya filamu halionekani kwa namna ile.

Chukueni picha ya mwanamume mwenye miwani ya mviringo anayening'inia kwenye mshale wa saa kubwa, magari yakipita chini kabisa. Wengi hujibu upesi kwamba ni Chaplin, na wengine Buster Keaton. Ni Harold Lloyd, katika Safety Last! ya mwaka 1923. Jibu hilo peke yake si kitu. Lakini katika kundi la watu yuko atakayesema: utazameni mkono wa kulia. Mwaka 1919 Lloyd alipoteza kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono huo, pale bomu alilodhani ni la maigizo lilipolipuka wakati akipigwa picha. Tangu hapo aliigiza akiwa amevaa glavu iliyoficha pengo. Mwingine ataeleza kwamba ukuta ule wenye saa ulijengwa juu ya paa la jengo halisi mjini Los Angeles, ndiyo maana mtaa unaonekana mbali sana chini ya miguu yake. Simu ingetupa jina tukaondoka. Hayo mengine tumepewa na jirani.

Picha nyingine: baba na mwanawe mdogo wameketi ukingoni mwa barabara, wamechoka. Ni Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, iliyopigwa Roma na kutoka mwaka 1948, na ugumu wake ni kwamba katika picha hiyo baiskeli inayotafutwa haimo. Katika kundi letu aliyeitambua hakuwa mjuzi wa sinema za Italia. Alikuwa mzee aliyefanya vibarua miaka mingi, naye alisema anamkumbuka mtoto yule kwa jinsi anavyomtazama baba yake. Aliyeigiza baba, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, wala hakuwa mwigizaji. Pengine ndiyo sababu kibarua alimjua kwanza.

Anayehofia kwamba tunaingia katika mambo ya dunia kupita kiasi na akumbuke kwamba mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa orodha ya filamu 45: 15 za dini, 15 za maadili na 15 za sanaa. Bicycle Thieves imo. The Seventh Seal ya Ingmar Bergman (1957) nayo imo, ingawa picha yake ya askari akicheza sataranji na Mauti ufukweni ni rahisi mno hata sisi tumeipiga marufuku. Orodha hiyo inatosha kwa jioni nyingi za mchezo.

Katika fungu la dini imo The Passion of Joan of Arc, aliyoiongoza Carl Theodor Dreyer huko Ufaransa mwaka 1928. Picha yake ni uso tu: Renée Falconetti, nywele zimekatwa, bila vipodozi, macho yametazama juu. Filamu hiyo nusura itupotee. Utepe asilia uliungua mwaka ule ule wa 1928. Dreyer akaunga toleo la pili kwa vipande vilivyokuwa vimewekwa kando, nalo likapatwa na moto. Kwa miongo mingi watu walitazama nakala zilizokatwakatwa, hadi mwaka 1981 nakala ya toleo la kwanza ilipopatikana katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo.

Filamu nyingine hazikubahatika hivyo. Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha utafiti mwaka 2013: kati ya filamu ndefu zisizo na sauti karibu 10,900 zilizotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1929, asilimia 14 tu zimebaki katika hali yake ya awali. Na katika mabaki hayo yapo mengi yaliyopoteza mwanzo, yaani kipande chenye jina. Kwa sababu hiyo, mwaka 2012, Maktaba hiyo iliwaita wapenzi wa filamu katika ghala lake la Culpeper, Virginia (jengo ambalo zamani lilifichwa fedha za benki kuu, na ambalo leo linatunza kitu adimu zaidi). Mpiga piano akipiga, vipande visivyo na jina vilionyeshwa, na watu wakapaza sauti gizani: namjua mwigizaji huyu, gari hilo ni la mwaka fulani, soma bango lile ukutani. Mikutano ikaendelea miaka iliyofuata, na filamu kadhaa zikarudishiwa majina yao. Ni mchezo wetu ule ule. Huko simu na kompyuta ziliruhusiwa, nasi hatuna ubishi, kwa maana jibu halikuwamo katika mashine. Walizitumia kama mtu anavyofungua kamusi.

Nasi tuna yetu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulifanyika jaribio la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari la ndugu zetu Waprotestanti, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, wenyeji wakiigiza, nazo zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na hata kusini zaidi. Zinazojulikana kuwa zimesalia ni tatu. Fikra zilizomo ni za kikoloni, hilo hatulifichi. Lakini nyuso zile ni za babu na bibi zetu, na waliokaa usiku mbele ya turubai jeupe wakiwatazama karibu wote wamekwisha kutangulia. Ikiwa picha mnato moja ya filamu zile imo leo katika sanduku la mtu Korogwe au Lushoto, mashine gani itaitaja? Itatajwa na mjukuu anayeijua ile pua, au na mtu anayekijua kilima kile kwa sababu amekipanda na kuni kichwani.

Kwa hiyo jioni ya Jumamosi, tutakapokutana tena ukumbini, simu zitawekwa katika kapu mlangoni, na anayekisia atatueleza kwanza ameona nini kabla ya kutaja jina. Mwenye picha ya zamani asiyoijua, hata kama si ya filamu, na aje nayo. Tutaanza na hiyo.