Mtoto Amemaliza Fizikia: Wazazi Tumwambie Nini?



Katika nyumba nyingi za wafanyakazi hapa Bagara, mjini Babati, shahada ya mtoto hupokewa kama mavuno. Imepandwa kwa mshahara wa baba na kwa mbaazi na mahindi ya mama, na sasa kila mtu anangoja kuvuna. Basi kijana aliyesomea fizikia anapotangaza kuwa anataka kuingia katika utafiti wa fizikia ya tiba, wazee hutazamana. "Wewe si daktari, hospitalini utafanya nini?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Mgonjwa wa saratani anapotibiwa kwa mionzi, daktari ndiye anayeamua kiasi cha mionzi hiyo. Lakini anayehakikisha kuwa mashine inatoa kiasi hicho hasa ni mwanafizikia wa tiba. Tuchukue mfano wa mashine ya kobalti-60. Nguvu ya kobalti hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na robo hivi. Matibabu yaliyochukua dakika 2 ilipokuwa mpya yatahitaji dakika 4 baada ya muda huo. Hesabu ikipunguka, saratani itabaki. Ikizidi, nyama iliyo nzima itaungua.

Katika kupima huko ndimo maswali ya utafiti yanamozaliwa. Je, mtoto anayepigwa picha ya eksirei katika hospitali zetu za mikoa hupata mionzi kiasi gani? Je, picha ileile yaweza kupatikana kwa mionzi pungufu? Kijana asidhani kuwa maswali hayo yako Ulaya tu.

Hata hivyo, njia yenyewe ni ndefu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hushauri kuwa baada ya shahada ya kwanza, mwanafizikia wa tiba asome shahada ya uzamili, kisha afanye mazoezi hospitalini chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua 2. Shahada ya uzamivu, ambayo ndiyo mlango wa mtafiti kamili, kwa kawaida huja baada ya uzamili.

Milango ya kubisha ipo. Hapa nchini, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza, hutibu kwa mionzi. Huko Trieste, Italia, kituo cha fizikia kilichoasisiwa na Abdus Salam mwaka 1964 kimekuwa kikishirikiana na chuo kikuu cha mji huo tangu 2014 kufundisha uzamili wa fizikia ya tiba, hasa kwa vijana wa nchi zinazoendelea: mwaka mmoja darasani, mwaka mmoja hospitalini. Kwa mabinti, Shirika hilo la Kimataifa lilianzisha mwaka 2020 ufadhili wenye jina la Marie Skłodowska-Curie, mwanamke aliyepata Tuzo ya Nobel mara mbili, mwaka 1903 na mwaka 1911.

Kijana, usikae kitako ukingoja barua. Fundisha fizikia shuleni, maana hiyo si aibu. Jifunze kuandika programu za kompyuta. Mwandikie mhadhiri barua ya ukurasa mmoja yenye swali moja unalotaka kulichunguza, wala si barua ya kuomba msaada tu.

Nanyi wazazi, msimkatishe tamaa, lakini msikubali ahadi tupu pia. Mdogo wake naye anangoja zamu yake ya chuo. Jumapili hii kaeni pamoja, mwandike kwenye karatasi: ni miaka mingapi, nani atalipa, na kijana atasaidia nyumbani kwa kiasi gani akiwa bado anasoma. Ufadhili usipopatikana katika muda mtakaokubaliana, atafanya kazi gani? Familia iliyokwisha kujibu hayo yaweza kungoja bila kinyongo, na kijana wake akasoma akiwa na moyo mtulivu.