Maneno Yasimtie Mgonjwa Hofu

Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Mosocho, jirani yangu mmoja alinijia na karatasi ya hospitali. Mwanawe, mwanafunzi wa sekondari, ana mlango mdogo wa moyo, yaani valvu, ambao umebana. Mama huyo alikuwa ameambiwa kwa mkato kwamba mtoto "atapasuliwa moyo", naye akamshika mkono wakarudi nyumbani. "Mwalimu," akaniuliza, "ukuni ukishapasuliwa hurudi kuwa mzima?"

Niliisoma karatasi ile. Kilichopendekezwa hakikuwa kupasua chochote. Daktari hupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kinenani hadi moyoni, kisha hujaza puto dogo lililo kwenye ncha ya mrija ili kuitanua valvu. Kifua hakifunguliwi.

Ujuzi huu si wa jana. Mwaka wa 1910, Hans Christian Jacobaeus wa Sweden alieleza namna ya kuchungulia kifuani kupitia tundu dogo. Mwaka wa 1929, Mjerumani Werner Forssmann alijipenyezea mrija kutoka mkononi hadi moyoni mwake mwenyewe. Mwaka wa 1956 yeye na wenzake wawili wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Siku hizi hata pafu hutibiwa kwa kamera na vyombo vyembamba vinavyopitishwa kati ya mbavu.

Wala sisi Abagusii si wageni wa kisu. Tangu jadi, waganga wetu waitwao ababari walikuwa wakifungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa na kukwangua mfupa kwa uangalifu. Nadhani sababu mojawapo ya watu kuwakubalia ni kwamba omobari alisema nao kwa lugha yao.

Katika jambo hili, wenzetu wa Tanzania wametutangulia. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka wa 2015, pamoja na magazeti ya huko, hutenganisha upasuaji wa kufungua kifua na ule wa tundu dogo. Maneno ni mepesi, na tofauti yake huonekana mara moja. Kwa nini tusiyatumie?

Sisemi kwamba tundu dogo humfaa kila mgonjwa. Valvu iliyoharibika sana huenda ikahitaji kifua kufunguliwa, kazi ambayo hufanywa hata katika Hospitali ya Tenwek, kule Bomet, si mbali nasi. Tundu dogo nalo lina hatari zake, kama vile kuvuja damu. Lakini mgonjwa asiyeelewa anachoambiwa hawezi kukubali wala kukataa, huogopa tu.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, tuyaingize maneno haya katika ufahamu na insha. Nanyi wanafunzi, ambao ndio wakalimani wa wazazi wenu mbele ya daktari, mjue kuyaeleza. Vyuo vya utabibu navyo viwatahini wanafunzi wao katika kumweleza mgonjwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama.

Jirani yangu nilimweleza yote kwa Ekegusii, pamoja na hatari zake. Aliuliza maswali matatu, yote ya maana. La nne lilikuwa nauli ya kurudi hospitalini.