Rabi wa Mbale na Ijumaa Kuu yetu

Hapa Ndandalo, Mateso kadiri ya Yohane yanaposomwa Ijumaa Kuu, neno “Wayahudi” hutuingia masikioni kama jina la adui. Wengi wetu hatujawahi kumwona Myahudi hata mmoja.

Lakini wapo jirani. Abayudaya wa Mbale, Uganda, ni Waafrika walioishika dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919, wakiongozwa na Semei Kakungulu. Idi Amin aliipiga marufuku, wakasali kwa kujificha. Majeshi yetu yaliiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979, Jumatano ya Juma Kuu. Jioni hiyohiyo ikaanza Pasaka ya Kiyahudi. (Sidhani kama askari wetu walijua.)

Gershom Sizomu, mtoto wakati huo, alikua akawa miongoni mwa vijana walioiinua upya jumuiya hiyo. Alipewa urabi mwaka 2008. Mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, wengi wao Wakristo na Waislamu, walimchagua mbunge.

Tamko la Nostra Aetate la 1965 linakataza kuwatwisha Wayahudi wote, wa wakati ule au wa leo, mateso ya Bwana. Sisi waseminari tunalifahamu. Kanisani nimelisikia mara chache mno. Nawaomba mapadre wetu walitaje Ijumaa Kuu ijayo, kabla hatujapanga mstari kuubusu Msalaba.