Mkonge Haukuuawa na Chama

Ndugu zangu wa Kilosa na Mikumi, tangu treni ya umeme ianze kupita kwetu, vijiweni ni habari moja: wawekezaji watakuja. Kibaha wanaunganisha malori ya FAW ya China, kwa nini nasi tusipate kiwanda? Simlaumu anayeota hivyo. Fundi wa Mikumi aliyelala chali juu ya boksi la katoni, kandokando ya barabara ya Zambia, giaboksi ya semitrela imeshushwa na oili inamchuruzikia kiwikoni, ana haki ya kutamani paa na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Kinachonikera ni nyongeza yake. Utamsikia mtu mzima akisema: hali ya uchumi ni mbaya, tusiwatishe wageni kwa mambo ya vyama vya wafanyakazi, kije kiwanda kwanza, haki baadaye. Jamani, hilo si tulikwisha kulijaribu hapa hapa?

Nendeni Kimamba, nendeni Rudewa, kwenye mashamba ya mkonge. Wakata mkonge wa nchi hii waligoma sana mwishoni mwa miaka ya 1950, na chama chao kikaongozwa na Victor Mkello. Baada ya uhuru, serikali ikahofu migomo. Mwaka 1962 sheria ikaubana mgomo. Januari 1963 Mkello akahamishiwa Sumbawanga kwa amri. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, likavunjwa na chama kimoja, NUTA, kikashika nafasi yake chini ya mkono wa serikali. Mashamba yakatulia. Je, mkonge ulipona? Miaka hiyo hiyo nyuzi za plastiki ziliingia soko la kamba duniani, bei ikaanguka, na shamba moja baada ya jingine likarudi pori. Ni kweli mishahara ilipopanda matajiri walipunguza watu, sifichi. Lakini bei ya London haikuwa ikimsikiliza Mkello, wala haikumhurumia mkata mkonge aliyenyamaza.

Kibaha yenyewe ilikuwa na kiwanda cha TAMCO, kilichounganisha malori ya Scania enzi ambazo mgomo ulikuwa kama haupo. Fedha za kigeni zilipokauka mwanzoni mwa miaka ya 1980, viwanda vingi nchini vilikosa vipuri. Ukimya wa wafanyakazi haukuleta hata dola moja.

Sasa tazameni Ujerumani. Mwaka 1993 Volkswagen ilikuwa taabani, na watu wapatao 30,000 walikuwa hatarini kupoteza kazi. Chama cha IG Metall kikakaa na mwajiri, wakakubaliana wiki ya siku nne, saa 28.8, kwa mapato pungufu. Watu wakabaki kazini. Mwajiri asingeweza kuomba dhabihu ya namna hiyo kwa umati usio na msemaji. Angepata minong'ono, hujuma na vijana wanaotoroka na spana.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema mwenyeji akonde. Na sheria ya kazi ya mwaka 2004 si ya vurugu kama inavyosimuliwa: mgogoro wa maslahi unapitia usuluhishi kwanza, kisha kura ya wanachama, kisha notisi ya saa 48. Mwekezaji makini anajua kuisoma.

Lakini viongozi wa vyama nanyi msijifiche. Wengi wenu tunawaona Mei Mosi tu, mkigawa fulana na kofia. Kijana anayemaliza VETA Mikumi hajawahi kuambiwa mkataba wa hali bora, ule ambao chama hufunga na mwajiri, ni kitu gani. Anajua ada itakatwa, basi. Mfuateni chuoni kabla hajafuatwa na wakala wa vibarua.

Na madiwani, siku mtakapokaa na mgeni kuzungumza ardhi, maji na umeme, mchukueni mtu mmoja anayejua debe la mahindi linauzwaje sokoni Kilosa, aulize kima cha mshahara kabla ya chai kuletwa.